Mikunjo ya mashavu: kwanza uliza imetoka wapi

Nina miaka 49, ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na haya ninayoyaandika yamenihangaisha karibu miaka miwili. Yanahusu mikunjo miwili inayotoka kando ya pua kushuka hadi pembe za mdomo. Kila binadamu anayo, hata mtoto mdogo akicheka utaiona. Yangu ilifika mahali ikawa haiondoki hata nikinyamaza, na wa kushoto ukawa mfereji hasa, poda inajikusanya humo kabla kengele ya mapumziko haijagongwa. Namwandikia mwanamke aliyekaa na simu mkononi sasa hivi, akitafuta nani anadunga sindano za uso kwa bei ya kuvutia. Nakuomba, dada, usitume hela kabla hujasoma.

Ilianza na kukonda. Niligundulika na kisukari aina ya pili, nikaacha soda, nikapunguza ugali na chapati, nikaanza kutembea jioni. Ndani ya mwaka mmoja nilipungua kilo 19. Magoti yakaacha kuuma, magauni ya zamani yakaingia. Uso ndio uliobaki nyuma ya furaha hiyo. Mashavu yakaisha, chini ya macho pakabonyea, mikunjo ikazama.

Na kwetu uso uliokonda una tafsiri yake. Sisi tuliozika watu miaka ya 1990 na 2000 tunaijua. Hata dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilipofika, moja ya zile za mwanzo, stavudini, ilikuwa ikiyeyusha mafuta ya mashavu, mtu anapata nafuu mwilini huku uso ukimtangaza mtaani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zianze kuiondoa dawa hiyo. Ikaondoka, lakini macho ya watu yalishazoea kusoma mashavu. Wifi yangu, kwa mapenzi kabisa, alinivuta pembeni tukiwa msibani akaniambia, "Wifi, kama kuna kitu usijifiche, siku hizi dawa zipo na watu wanaishi." Shuleni nikawa naulizwa, "Mwalimu, unaumwa?" Mimi navaa hijabu, kinachoonekana kwangu ni uso na viganja, kwa hiyo kila jicho lilikuwa linatua hapohapo. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaoamini kwamba mwanamke wa umri wangu akitafuta tiba ya uso basi anautafuta ujana. Mimi nilitaka kwenda kazini bila kuulizwa kama nakufa.

Hela ya kwanza ilikwenda kwenye krimu. Nilinunua kwa mtu anayeuza kupitia simu, mzigo wake anautoa Kariakoo, kopo zuri lisilo na orodha ya vilivyomo. Shilingi 180,000 kwa makopo mawili. Wiki ya pili uso uling'aa nikashukuru. Baada ya muda ukaanza kuwasha juani, ukawa mwekundu, vimishipa vikajitokeza kando ya pua. Daktari aliponiona baadaye alisema dalili zote zinaelekea kwenye steroidi, ambayo ukiipaka muda mrefu huifanya ngozi iwe nyembamba, yaani inazidisha kilekile unachokikimbia. Krimu nyingine za aina hiyo zina hidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, au zebaki. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini vinasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango, na kopo lisiloonyesha limetengenezwa wapi na lina nini halikupita huko. Hata ingekuwa krimu safi kabisa, hakuna krimu inayoweza kurudisha mafuta yaliyoondoka chini ya ngozi. Hilo nalisema kwa uhakika wote, maana wauzaji wanaliahidi kila siku.

Baada ya krimu nilipelekwa saluni. Shoga yangu alikuwa amesikia kuhusu "kalamu", kifaa kinachosukuma dawa ndani ya ngozi kwa mgandamizo, hakina sindano. Bei laki moja na nusu, mikunjo yote miwili, unatoka hapo unaenda harusini. Binti wa saluni alikuwa mchangamfu, mikono misafi, kitanda kimetandikwa vizuri. Nikamuuliza swali moja tu, kwamba ikitokea imekwenda vibaya wanafanyaje. Akanijibu, "Haijawahi kutokea, mama." Nikamuuliza dawa yenyewe inaitwaje, akanionyesha kichupa kisicho na lebo. Nilimshukuru nikaondoka.

Mwalimu mwenzangu alikubali mahali pengine, kwa kifaa kama hicho. Alibaki na vinundu viwili vigumu juu ya mdomo, na alipokwenda hospitali daktari alishindwa kuamua amtibu kwa nini, kwa kuwa hakuna aliyejua kilichoingizwa mle ni kitu gani. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vifaa hivi Oktoba 2021, ikawataka watu wasivitumie kabisa kujaza uso au midomo. Vipo kwenye mitandao hadi leo.

Hapo ndipo nilipoamua kutafuta daktari wa ngozi. Shilingi 50,000 za kumwona, na ndiyo hela iliyonifaa kuliko zote. Kwa asiyefahamu, Moshi pale hospitali ya KCMC kuna chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, kinafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, na hapohapo ndipo ilipoanzia losheni ya jua ya Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Tunao wataalamu. Muulize daktari wako alisomea wapi, na uthibitishe kwamba jina lake limo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Aliyesajiliwa hachukii kuulizwa.

Yule daktari, mama mtulivu, hakugusa bomba la sindano siku ile. Aliniambia nije na picha zangu za zamani. Nikazipanga juu ya meza yake, ya kumaliza chuo, ya harusi, ya kitambulisho cha kura, na ya marehemu mama yangu. Mikunjo ilikuwepo tangu nina miaka 25, myembamba, na mama alikuwa nayo vilevile. Kwa hiyo sehemu yake ni urithi, na ya urithi hakuna haja ya kuifuta. Kisha akanipa kioo, akanilaza chali. Mikunjo ikapungua mbele ya macho yangu. Akanikalisha, akaweka kidole juu ya mfupa wa shavu, akauinua kidogo kuelekea sikioni. Mkunjo wa kulia ukatoweka karibu wote. Wa kushoto ukabaki.

Jaribu mwenyewe nyumbani, haligharimu kitu. Maelezo yake yalikuwa haya. Mafuta ya uso yamekaa katika vifuko vilivyotengana. Umri ukienda, au mtu akikonda, vifuko vya shavuni vinapungua na kuteremka, ngozi iliyovikalia inakosa mahali pa kushika, uzito wote unaangukia kwenye mstari wa pua na mdomo. Mfupa wa taya la juu nao unasinyaa kidogo pembeni ya pua. Kukoma kwa hedhi kunapunguza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Sisi wenye ngozi nyeusi tunabahatika kwamba melanini, ile rangi ya ngozi yetu, inatukinga na jua, vijistari vidogo vinachelewa kutokea, lakini mashavu kushuka kunatupata kama wengine, na kwa wengi wetu hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya umri. Mkunjo unaonekana chini, kumbe tatizo limeanzia juu. Ukijaza mkunjo peke yake bila kutazama shavu, unaongeza nyama mahali palipolemewa tayari, na ndiyo maana baadhi ya watu waliodungwa wanaonekana wamevimba mdomo kama waliong'atwa na nyuki.

Kisha akaniuliza mambo mawili ambayo sikuyategemea kwa daktari wa uso.

La kwanza lilikuwa sukari yangu ya miezi mitatu, yaani kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa muda huo. Nilikuwa sijapima muda mrefu, nilijiamini kwa sababu nimekonda. Akaniandikia kipimo, majibu yakaja juu ya asilimia 9, yaani sukari iko juu sana. Kumbe kule kukonda nilikokuwa najivunia, sehemu yake ilikuwa sukari isiyotulia inayokula mwili. Aliniambia wazi kwamba hamdungi mtu mwenye sukari ya namna hiyo, kidonda hakiponi vizuri na maambukizi ni rahisi. Nikarudi kliniki ya kisukari, dawa zikabadilishwa, nikaanza tena kula protini ya kutosha, maharage, mayai, samaki, badala ya kujishindisha njaa kama nilivyokuwa nafanya. Sukari ilipotulia nilirudisha kilo 4, na sehemu yake ilirudi usoni. Wifi alikuwa wa kwanza kuona. Bado sijadungwa chochote wakati huo, na maswali ya ugonjwa yalikuwa yameshapungua nusu.

La pili lilikuwa meno. Alinifungua mdomo, akaona upande wa kushoto juu sina meno matatu, niliyoyang'oa miaka mingi nyuma nikaona mapengo hayaonekani, basi. Meno na mfupa wake ndivyo vinavyoushikilia mdomo wa juu kwa ndani. Yakiondoka, mfupa unaliwa taratibu na mdomo unaingia ndani. Ndiyo sababu mkunjo wa kushoto haukuitikia kidole. Nilitengenezewa meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, shilingi 250,000, na ule mfereji ukapanda. Haukwisha, ulipanda. Ningekuwa nimejaziwa sindano mahali pale, ningelipia mara kwa mara kuficha mapengo.

Hapo ndipo tukazungumza tiba zenyewe, na nilizipima moja moja kwa muda mrefu.

Kila mtu alikuwa ananiambia "piga Botox". Botox inalegeza misuli. Inafaa kwa paji la uso na katikati ya nyusi, na FDA iliikubali kwa kazi hiyo ya nyusi mwaka 2002. Mkunjo wangu haukuletwa na msuli wa kukunja, na ukiilegeza misuli ya mdomo unaweza kubaki na tabasamu la upande au maneno yakakupotea ulimini. Mimi nafundisha kwa mdomo. Niliiacha hapo.

Leza na dawa za kuchubua uso niliziacha kwa sababu ya rangi yangu. Leza kali za kuunguza ngozi ya juu zinaweza kutuachia madoa meusi yanayokaa miezi, na nina keloidi, kovu linalovimba, sikioni tangu nilipotobolewa, kwa hiyo nilikuwa na sababu mara mbili. Wapo wanaofanya leza zinazofaa ngozi nyeusi, lakini hizo pia si za kuinua shavu. Nyuzi za kuvutia ngozi nilivutiwa nazo kwa jina. Zinayeyuka ndani ya miezi kadhaa, na mvuto wake haudumu sana kupita hapo. Upasuaji wa kuvuta uso, ule watu wanaousafiria India na Uturuki, unasaidia zaidi taya na shingo. Kwa mikunjo ya pua na mdomo matokeo yake ni madogo kuliko watu wanavyodhani, na sikuona sababu ya kulazwa nusu kaputi nikiwa na kisukari kwa jambo la namna hiyo.

Zikabaki sindano za kujaza, wanazoziita fila. Hapa nataka msomaji akae kidogo, maana neno ni moja na vitu ni vingi. Zipo za asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho kimo hata kwenye ngozi yetu na hushika maji. Restylane, ya aina hiyo, ilikubaliwa na FDA mwaka 2003 kwa mikunjo hiihii. Zinakaa kati ya miezi sita na mwaka na nusu kutegemea aina na mahali, na uzuri wake mkubwa ni kwamba ipo dawa ya kuziyeyusha, hayaluronidesi. Zipo za kalisi kama Radiesse, ambazo dawa hiyo haiziyeyushi. Ipo Sculptra, inayochochea mwili utengeneze kolajeni yake polepole, na hii ilinigusa, kwa sababu ilipokubaliwa Marekani mwaka 2004 ilikuwa kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi ambao mashavu yao yalikuwa yamezama. Yaani kuna mahali tatizo la uso kumtangaza mtu lilichukuliwa kuwa tatizo la kitabibu, likatafutiwa tiba. Nililia kidogo niliposikia hilo, nikiwakumbuka watu wangu. Na ipo silikoni ya maji, ambayo wengine wanadunga mitaani. Hiyo haitoki. Usikubali kwa bei yoyote.

Nilimuuliza kama ina kitu cha nguruwe. Akanieleza kwamba asidi hiyo siku hizi inatengenezwa kwa bakteria, haitoki kwa mnyama. Dawa ya kuyeyusha inaweza kutoka kwa kondoo au ng'ombe, na mwenye mzio mkali wa nyuki amwambie daktari mapema. Suala la dini lenyewe nililipeleka kwa ustadhi wangu. Alisema wanazuoni wanatofautisha kurekebisha kilichoharibiwa na ugonjwa na kubadili umbile kwa pambo, na akaniuliza nia yangu. Nilimweleza habari ya msibani. Jibu lake nalihifadhi kwangu, na wewe mwulize wako.

Hatari yake nataka isemwe bila kufunikwa. Mshipa wa damu wa uso unapita palepale kwenye mkunjo. Dawa ikiingia ndani ya mshipa au ikaubana, ngozi inakosa damu na inaweza kufa, na kwa nadra sana inapanda hadi kwenye mishipa ya jicho mtu akapofuka. Dalili ni ngozi kuwa nyeupe ghafla au kuwa na michoro ya zambarau kama wavu, maumivu yanayozidi, kuona ukungu. Zikitokea unarudi saa ileile, hata usiku. Kwa hiyo swali langu la saluni nililirudia kwa daktari. Alifungua friji, akanionyesha chupa za hayaluronidesi na tarehe ya kuisha, akaniambia akizidunga haraka ngozi nyingi huokolewa. Akanipa namba yake ya simu ya usiku. Mahali pasipo na dawa ile, usilaze kichwa chako, hata kama aliye mbele yako ni daktari.

Bei aliyonitajia ilikuwa laki tisa kwa bomba la mililita moja, akasema uso wangu ungependeza kwa mabomba mawili. Bima haigusi mambo haya. Mshahara wa mwalimu unajulikana. Tulikubaliana bomba moja, likawekwe juu ya mifupa ya mashavu pande zote mbili, na tone dogo tu kando ya pua kushoto. Nilikusanya hela kwenye mchezo wa kina mama, zamu yangu ilipofika nikaenda. Kabla ya hapo aliniuliza kama nameza aspirini. Naimeza, niliandikiwa na daktari wa moyo, na akanikataza kuiacha kwa hiari yangu, tukampigia aliyeniandikia. Meno pia yalitakiwa yawe yamemalizika, kwa sababu kazi ya meno na sindano hizi zinahitaji kupishana wiki kama mbili.

Sindano inauma. Walipaka ganzi, na ndani ya dawa yenyewe kuna ganzi, lakini ile hali ya kitu kusukumwa juu ya mfupa sijawahi kuipata kwingine. Alitumia sindano butu ndefu upande wa mashavu, inayopunguza hatari ya kutoboa mshipa ingawa haiiondoi. Nilitoka na uvimbe na alama ya bluu upande mmoja. Siku ya pili nilijuta, uso ulikuwa wa mtu mwingine, nikajifungia chumbani. Hakuna aliyenionya kwa uzito unaostahili kwamba siku za mwanzo uso unadanganya. Panga likizo. Usijitazame kila saa, usikande, usilalie tumbo.

Baada ya wiki mbili uvimbe ulikwisha. Mikunjo ipo. Mtu asiyenijua hatajua nimefanya kitu, na wanaonijua wanasema nimepona. Usiku natumia tretinoini, krimu ya jamii ya vitamini A, ya kuandikiwa, kiasi cha punje, inayokausha ngozi sana miezi ya mwanzo na haifai kwa mjamzito, na asubuhi losheni ya jua. Hizo zinatunza ngozi ya juu. Mashavu yanatunzwa na sukari iliyotulia.

Jumla yangu yote, pamoja na krimu, imepita milioni moja na laki nne. Bomba la pili sijalichukua. Mwanangu wa mwisho anaingia kidato cha tano, na dawa hii itayeyuka yenyewe, kisha nitaamua upya nikiwa na picha zangu mezani. Ukienda kudungwa, dai kile kibandiko kinachotoka kwenye boksi, chenye jina la dawa na namba ya toleo, na ukitunze pamoja na kadi yako ya kliniki. Ukipata shida ukiwa Mwanza au Tanga, daktari atakayekupokea atahitaji kujua ameingiziwa nini mgonjwa wake, na atalijua hapo.